Fundi, Mwalimu na Mjenzi wa Kijiji: Historia ya Kazi Moja Katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa



Nimealikwa nizungumze juu ya lugha katika historia, nami nimechagua neno moja na mahali pamoja. Neno lenyewe ni fundi. Mahali penyewe ni nchi ya Nachingwea na Ruangwa, katika mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Nchi ya Wamwera na majirani zao Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo, nchi ya korosho, ufuta na mbaazi, ambayo kwa kawaida hutajwa katika vitabu vya historia kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni kushindwa kwa kilimo cha karanga. Ninakusudia kuonyesha kwamba nchi hiyo ina historia ndefu na nzito zaidi, na kwamba neno fundi latusaidia kuisoma.

Katika vyuo vyetu leo anayejifunza mitambo huketi jengo moja, anayejifunza ualimu jengo la pili, na anayejifunza maendeleo ya jamii jengo la tatu. Anayetaka kujua kama mtambo fulani ni halali kutumiwa, kwa manufaa ya nani na kwa hasara ya nani, huelekezwa kwa wanafalsafa, nao wako ng'ambo ya bonde. Mtu akitaka kuzishika kazi hizi zote maishani mwake huambiwa achague. Hoja yangu ni kwamba utengano huo ni mgeni katika lugha yetu, na kwamba Nachingwea iliwahi kuona kwa macho utengano huo unavyofanya kazi. Iliona pia kinyume chake, yaani kazi hizo zilipounganishwa mikononi mwa watu wale wale, na hilo nalo, kama nitakavyoeleza, halikukosa kasoro.

Tuanze na neno. Fundi ni mtoto wa kitenzi funda, ambacho ndugu zake ni funza, fundisha, funzo, mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi. Mzizi huu si wa Kiswahili peke yake; katika Chinyanja, kwa mfano, phunzira ni kujifunza na phunzitsa ni kufundisha. Kwa hiyo, kwa asili ya neno, fundi si yule tu anayejua kutumia chombo. Ni mtu aliyefundwa, na ambaye kwa sababu hiyo anaweza kumfunda mwingine. Fundi asiye na mwanafunzi ni nusu ya fundi. Hata leo, penye ujenzi wa nyumba, kijana anayebeba zege huitwa saidia fundi, na kila mtu anaelewa kwamba akikaa vizuri, akatazama na kuuliza, cheo hicho ni cha muda tu.

Lakini kitenzi funda kina maana nyingine ambayo kamusi zetu huitaja kwa ufupi na watu wa kusini huijua kwa kirefu. Kumfunda mwari ni kumwingiza katika utu uzima: kumpeleka jandoni au unyagoni, kumfundisha adabu, kazi, siri za mwili na wajibu wake kwa wakubwa na wadogo. Katika jando mna chombo, tena chombo cha hatari, yaani kisu cha ngariba. Mna mafunzo, yanayotolewa na makungwi. Na mna ujenzi wa jamii, kwa kuwa wale waliotahiriwa pamoja hutoka wakiwa rika moja lenye deni la kusaidiana hadi kifo. Ngariba hakuwa mtu wa kuja na kisu chake, akakata, akaenda zake. Aliwajibika mbele ya wazazi na wazee kwa kila mtoto aliyepita mikononi mwake, na mtoto asipopona, mahali pa kumuuliza palijulikana. Hapo ndipo ninapouona mwanzo wa kile ambacho leo twakiita maadili ya teknolojia: mwenye chombo ana pa kuulizwa.

Nguvu ya mpango huu ilitambuliwa mapema hata na wageni. William Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana wa UMCA aliyefika Masasi mwaka 1909 na ambaye alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakuipiga marufuku jando kama wengi wa wenzake walivyofanya mahali pengine. Aliichukua, akaitia ibada za Kikristo, akaacha umbo lake lisimame. Wanahistoria wamebishana kama alifaulu au alijidanganya. Mimi ninalotaka kulichukua kwake ni dogo: mtu aliyekuja kusini akiwa na shule na dawa aliona kwamba hapawezi kujengwa kitu kwa kuipita jumuiya ambayo tayari ilikuwa na namna yake ya kufunda.

Na neno mwalimu je? Hilo, kama mjuavyo, asili yake ni Kiarabu, na lina jamaa kubwa: elimu, maalimu, taaluma, mtaalamu. Yafaa tusimame hapa kidogo. Mwalimu na mtaalamu ni ndugu wa mzizi mmoja, sawasawa na fundi na mwanafunzi. Katika mizizi yote miwili, ule wa Kibantu na ule wa Kiarabu, ujuzi na ufundishaji vimelala kitanda kimoja. Ilikuwa ni historia, wala si sarufi, iliyowatenga.

Utengano huo ulifika Nachingwea kwa kishindo baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alitoa pendekezo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki, na serikali ikatuma ujumbe chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ujumbe huo ulizunguka kwa wiki chache tu, ukitegemea kwa kiasi kikubwa kuitazama nchi kutoka angani. Mpango uliotangazwa mwaka 1947 ulikuwa wa kulima eka zaidi ya milioni 3, kwa gharama ya pauni zipatazo milioni 25. Sehemu kubwa kuliko zote ya eka hizo ilikusudiwa iwe katika Jimbo la Kusini, na Nachingwea ndiyo ingekuwa moyo wake. Kwa hiyo Kongwa, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi kila habari hizi zinaposimuliwa, ilikuwa sebule tu. Nyumba yenyewe ilitarajiwa kujengwa kusini.

Tazama jinsi mpango ulivyozigawa kazi. Wataalamu wa mitambo walipewa mitambo: matrekta yaliyonunuliwa katika mabaki ya vita, na hata vifaru vya Sherman vilivyobadilishwa viwe vya kung'olea miti. Bandari mpya ya kina kirefu ilianza kujengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea, mahali ambapo mji mzima ulichomoza porini kwa miaka michache. Waafrika walipewa kazi ya kibarua, na baadhi yao wakafundishwa kuendesha na kutengeneza mashine. Ualimu kwa maana ya kumweleza mkulima wa Ruponda au Mnero kwa nini ardhi yake inafyekwa, na kumsikiliza anapoeleza tabia ya ardhi hiyo, haukuwa idara ya mtu yeyote. Ujenzi wa jamii ulikuwa ni kupanga safu za nyumba. Swali la kama jambo lenyewe lilikuwa la haki na la busara liliachwa London, bungeni, ambako Waziri John Strachey alilijibu kwa matumaini mwaka hadi mwaka.

Yaliyofuata yanajulikana. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama tofali, mizizi ikavunja majembe ya trekta, mvua ikakataa. Kusini kazi ilichelewa kwa sababu bandari na reli havikuwa tayari. Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara iliyoandikwa ilikuwa zaidi ya pauni milioni 36. Kuanzia mwaka 1955 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilirithi kilichobaki, likajaribu kwa kiasi kidogo kuwapangisha wakulima wa Kiafrika mashamba katika Nachingwea. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo katika mji wa Nachingwea kuna kata inayoitwa Stesheni mpaka leo. Nawaomba wanafunzi wa isimu ya majina wasilicheke jina hilo. Garimoshi limeondoka, lakini jina limebaki likitoa ushahidi.

Lugha nayo ilibeba mabaki. Maneno kama trekta, katapila, spana na breki yalikuwa yakienea katika Tanganyika nzima wakati huo, pamoja na tingatinga, neno ambalo sauti yake ni sauti ya chuma chenyewe. Karakana, neno la kale lililokuja kwetu kutoka upande wa Uajemi, lilipata maisha mapya. Ninavyoona mimi, maneno hayo ndiyo mavuno ya kweli ya mpango huo, kwa kuwa yaliingia vinywani mwa watu waliofundwa kazi ya mkono na ambao baada ya 1951 walitawanyika na ujuzi wao. Wazungu wa mpango walishindwa kuwa walimu wa kijiji. Mafundi wao Waafrika, ambao hakuna aliyewatuma, walifundisha watu wengi. Lakini msinielewe kwamba naupamba mpango. Mtu akivunja chungu, haimpasi kusifiwa kwa sababu vigae vyake vinafaa kuchezea watoto.

Mtu aliyelielewa funzo hilo kuliko wengi alikuwa ni mwalimu kwa kazi yake. Julius Nyerere alifundisha St. Mary's Tabora kuanzia 1946, yaani mwaka ule ule wa ujumbe wa Wakefield, akaenda Edinburgh, kisha akafundisha Pugu mpaka 1955, alipoiacha kazi ya darasani kwa ajili ya TANU. Jina la Mwalimu halikumwacha. Katika maandishi yake ya miaka ya 1960, na hasa katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, mambo yetu matatu yamefumwa pamoja: shule iwe shamba pia, mwanafunzi awe mwanakijiji, na zana ziwe zile ambazo wanakijiji wanaweza kuzimudu na kuzitengeneza. Alisisitiza mara nyingi kwamba hatua baada ya jembe la mkono ni plau la kukokotwa na ng'ombe, si trekta. Hapa kusini, lakini, hata ushauri huo wa kiasi uligonga ukuta, kwa sababu katika sehemu kubwa ya nchi ya Nachingwea na Liwale mbung'o hawakuruhusu ng'ombe kuishi. Mwanafunzi yeyote wa maadili ya teknolojia anapaswa kukumbuka jambo hili: zana inayofaa Shinyanga si lazima ifae Ruangwa, hata ikipendekezwa na mtu mwema. Na mwema huyo huyo, katika miaka ya 1970, aliiachia serikali yake iwahamishe watu kwa nguvu kwenda katika vijiji vilivyopangwa kwa mstari. Mwalimu alikuwa amechoka kungoja darasa lielewe.

Naja sasa kwenye sura ambayo kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote katika historia ya Nachingwea.

Chama cha ukombozi cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, chini ya Eduardo Mondlane, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwanaanthropolojia aliyefundisha Syracuse, Marekani. Wapiganaji wake wa kwanza walifunzwa Algeria. Kisha wakapewa makambi Tanzania, kwanza Bagamoyo na Kongwa, na tangu katikati ya miaka ya 1960, Nachingwea. Tazama njia hiyo: Kongwa, kisha Nachingwea. Ni njia ile ile ya karanga. Watu waliokuja kujifunza kuikomboa nchi yao walilala katika nchi iliyofyekwa na matrekta ya Mwingereza, na jina la Farm 17, ambalo historia ya kambi hiyo imefungamana nalo, ni namba ya shamba.

Aliyeijenga kambi ya Nachingwea kuliko mwingine yeyote alikuwa Samora Machel. Alikuwa muuguzi aliyesomea kazi hiyo Lourenço Marques, akajiunga na FRELIMO mwaka 1963, akafunzwa Algeria, akawa mkuu wa ulinzi baada ya Filipe Magaia kuuawa mwaka 1966, na rais wa chama mwaka 1970, baada ya Mondlane kuuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Kama tunatafuta maisha ya mtu mmoja ambamo chombo, darasa na ujenzi wa jumuiya vilikutana, na yaliyoishiwa kwa miaka mingi katika nchi hii tunayoizungumza, ni haya.

Kambi ilikuwa na wakufunzi wa silaha, wakiwamo Wachina. Lakini bunduki haikuwa somo la kwanza. Kazi za kambi zilipangwa kwa mafiga matatu: kusoma, kuzalisha na kupigana. Mpiganaji alilima chakula chake. Anayejua kusoma alimfundisha asiyejua. Watu wa makabila yaliyokuwa mbalimbali, wa kaskazini na kusini ya Msumbiji, ambao wengi wao hawakuwahi kukaa pamoja, walilazimika kuwa rika moja. Mwaka 1967 wasichana 25 walianza mafunzo ya kijeshi hapo, na kutoka kwao kikaundwa Kikosi cha Wanawake. Mmoja wao alikuwa Josina, aliyekuja kuwa mke wa Samora na ambaye alifariki tarehe 7 Aprili 1971 akiwa bado kijana. Na juu ya bunduki yenyewe palikuwa na fundisho lililorudiwa mpaka likazoeleka: silaha inaamriwa na siasa, adui ni mfumo wa ukoloni na si Mreno kwa rangi yake, mateka asiuawe, mwanakijiji asinyang'anywe. Sisemi kwamba fundisho hilo lilitiiwa na kila mtu kila siku. Hakuna jeshi la namna hiyo duniani. Nasema kwamba hapa mwenye chombo alifundishwa chombo na mpaka wake kwa wakati mmoja, na mwalimu yule yule. Wataalamu wa karanga hawakupata kufanya hivyo.

Kuhusu lugha, Nachingwea ya wakati huo ingestahili mhadhara wake wenyewe. Kireno ndicho kilichokuwa lugha ya darasa na ya amri, kwa sababu hakikuwa cha kabila lolote. Lakini Wamakonde wengi wa kaskazini mwa Msumbiji walikuwa na Kiswahili, na kambi ilizungukwa na Kiswahili pande zote. Sisi Waswahili tulikuwa tumekwisha kupokea maneno ya Kireno karne nyingi kabla, na miongoni mwake ni bendera na gereza. Kwa hiyo lugha iliyotupa jina la gereza ilikuwa, katika kambi ya Nachingwea, ndiyo lugha ya kutoka gerezani. Ninawaachia wanaisimujamii watafakari.

FRELIMO wenyewe walipenda kuiita Nachingwea maabara na tanuri la mhunzi, mahali pa kufulia mtu mpya. Sitiari hiyo imesifiwa sana. Mimi yanitisha kidogo, na ningependa nieleze kwa nini. Katika maabara kuna mchunguzi na kuna kinachochunguzwa. Katika tanuri kuna fundi na kuna chuma. Fundi wa karanga alikuwa na ardhi kama malighafi yake. Fundi wa Nachingwea, malighafi yake ilikuwa ni watu. Jandoni pia watu hufuliwa, lakini jandoni baba na mama wamekaa ukingoni mwa pori wakisubiri, na wana haki ya kuuliza.

Mwaka 1975 sitiari hiyo ilionyesha makali yake. Makubaliano ya Lusaka yalikuwa yametiwa saini tarehe 7 Septemba 1974, na uhuru ulikuwa unakaribia. Watu waliohesabiwa kuwa wasaliti walikusanywa Nachingwea. Miongoni mwao walikuwamo Uria Simango, mchungaji na aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO. Lázaro Nkavandame, aliyekuwa kiongozi wa Cabo Delgado. Na Joana Simeão. Walisimamishwa mbele ya umati wa wapiganaji na wageni, wakasomeshwa maungamo yao. Hawakupata mahakama wala wakili. Baadaye waliuawa nchini Msumbiji, nao walikuwa bado hawajahukumiwa na mahakama yoyote. Tarehe 24 Mei 1975 Samora aliondoka Nachingwea na kuanza safari yake ya ushindi kutoka Ruvuma hadi Maputo, na tarehe 25 Juni nchi ikawa huru.

Matukio haya mawili, maungamo na safari ya ushindi, yalitokea mahali pamoja katika majuma machache. Wako wanaosimulia la pili wakasahau la kwanza, na wako wanaosimulia la kwanza ili kulifuta la pili. Kwa mwanahistoria njia zote mbili ni za mkato. Shule iliyowafundisha maelfu kusoma, iliyomfundisha mwenye bunduki kumheshimu mwanakijiji, ndiyo shule iliyomsomesha mchungaji maungamo. Kinachoziunganisha ni kwamba katika shule hiyo palikuwa na mwalimu mmoja, na mwalimu huyo hakuwa na wa kumuuliza. Kwa hiyo kuunganisha kazi zetu tatu katika maisha ya mtu mmoja, jambo ambalo nimelisifu tangu mwanzo, kuna sharti lake. Ngariba alikuwa na wazee. Mkuu wa kambi hakuwa nao.

Baada ya 1975 kambi ilinyamaza, na Nachingwea ikarudi kuwa wilaya ya wakulima. Ruangwa ilipata kuwa wilaya kamili mwaka 1995. Chuo cha Ualimu Nachingwea kimeendelea kutoa walimu. Ruangwa nayo imetoa mwalimu aliyekwenda mbali katika siasa: Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma, aliyekuwa mbunge wake kuanzia 2010 hadi 2025 na Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025. Sitakaa hapo, kwa maana kazi tunayoitafuta, ninavyofikiri, siku hizi imehamia kwenye chumba kidogo zaidi.

Chumba hicho ni ghala la chama cha msingi cha ushirika. Vyama vya msingi vya wilaya tatu, Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vimeungana katika chama kikuu kinachoitwa RUNALI, jina lililoundwa kwa kuchukua silabi ya mwanzo ya kila wilaya, na ambalo watu hulitamka kana kwamba ni neno la Kimwera la tangu zamani. Tangu msimu wa 2007/2008 mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumiwa kwa korosho kusini, mkulima hupeleka mzigo ghalani, hupimiwa, hupewa karatasi, na bei hungojewa mnadani. Kabla na hata baada ya hapo pamekuwapo na kangomba. Neno hili hulipati katika kamusi nyingi, na ni aibu yetu sisi tuziandikao. Kangomba ni ununuzi wa kificho wa korosho shambani, kwa kipimo cha bakuli au kopo badala ya mizani, kutoka kwa mkulima ambaye njaa ya kabla ya mavuno haimruhusu kungoja mnada. Novemba 2018, wanunuzi walipokataa kupanda bei, Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe; nao wenye kangomba wakawindwa kwa kuulizwa mashamba yao yako wapi. Tangu msimu wa 2024/2025 minada imepitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania.

Mtazameni sasa karani wa ghala. Anashika mizani, na mizani ni chombo ambacho tangu zama za manabii kimekuwa mfano wa haki na wa dhuluma. Anaingiza tarakimu katika simu au kompyuta, na zikishaingia humo mkulima hazioni tena. Lazima amweleze mzee asiyesoma makato ni ya nini, unyevu wa korosho ni nini na daraja la pili ni lipi, naye hawezi kumweleza kwa lugha ya mwongozo wa wizara. Na katika mkutano mkuu wa chama hukaa mbele ya majirani zake, watu wa rika lake na shemeji zake, akajibu. Mtu huyu hakuna chuo kilichomfunza mambo hayo yote kwa pamoja. Akikosea kimoja, kijiji chote hukosa imani na vingine vyote, na kangomba hurudi mlangoni.

Jambo hili halitaishia kwenye korosho. Chini ya ardhi ile ile ya Nachingwea, katika kilima cha Ntaka, kuna nikeli; Ruangwa kuna kinywe, yale madini meusi yanayotiwa katika betri za magari ya umeme. Leseni ya Ntaka ilikwisha kuleta kesi ya kimataifa: Julai 2023 baraza la usuluhishi liliiamuru Tanzania kuwalipa wawekezaji dola za Marekani zipatazo milioni 109, na mwaka 2024 pande mbili zikakubaliana malipo ya dola milioni 90. Hukumu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na sijui ni kijiji gani kilichosomewa. Kwa mara nyingine mitambo inakuja kusini kwa ajili ya haja ya watu wa mbali. Zamani yalikuwa mafuta ya kupikia, sasa ni betri.

Wanafunzi wa idara hii wamekuwa wakiniuliza utafiti gani ufanywe kusini ambao haujafanywa. Nendeni katika maghala ya Ruponda, Mnero, Mbekenyera na Mandawa wakati wa msimu. Andikeni maneno yote yanayosemwa kati ya mwenye mizani na mwenye gunia: ya uzito, ya makato, ya unyevu, ya kushuku, ya kuomba mzigo upimwe upya. Kisha andikeni maneno yanayotumiwa katika mikutano ya vijiji pale watu wa kinywe wanapokuja na ramani zao, na mtenge yale yaliyotoka kwa wageni na yale ambayo wanakijiji wameyatunga wenyewe ili waweze kuuliza. Msahihishiwe huko huko na wenye lugha, kabla ya kuyaleta hapa.